Pampu ya maji inapanda na kushuka resi, vitunguu vinakauka

MamaShamba:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nalima vitunguu Mang'ola, ekari moja na nusu. Pampu yangu ni ya inchi 2, injini ya petroli cc 163, muundo wa Honda GX160. Masika yote ilikaa stoo, petroli imo tankini. Wiki iliyopita nimeiwasha: inapanda vuuu, inashuka kama inazima, inapanda tena. Maji yanatoka mpirani kwa kusukumana.

Fundi mmoja aliyepita hapa akakata ile springi ndefu ya karibu na kabureta na kuikunja upya iwe fupi. Sasa inapiga kelele kuliko mwanzo, na kupanda na kushuka kuko palepale. Vitunguu ndiyo vinaanza kuweka kichwa, na jua hili halina huruma. Nina spana, bisibisi na plaizi tu. Naombeni msaada.

FundiInjiniNdogo:
Pole sana dada. Kwanza zima hiyo pampu, usiitumie hivyo. Ile springi ni ya gavana, ndiyo inayoamua mwendo wa injini. Ikivuta kuliko kawaida, injini inavuka mizunguko yake ya 3,600 kwa dakika, na koneksheni rodi, chuma kinachoshika pistoni, ikikatika inatoboa bloku, yaani mwili wa injini. Tafuta springi ya kipimo chake, bei yake ni ndogo.

Ukishaifunga, iwashe kwa resi ndogo, kisha vuta choki nusu ipunguze hewa. Ikitulia, ujue inakosa mafuta: petroli iliyolala imeziba jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli ndani ya kabureta.

Kijana_wa_Bomba:
Mimi ningelegeza tu skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka itulie.

FundiInjiniNdogo:
Hapana mdogo wangu. Tundu likiwa limeziba, skrubu haina cha kurekebisha, na utapoteza kipimo cha mwanzo.

Dada, funga koki ya mafuta, fungua kikombe cha kabureta kwa spana namba 10, umwage uchafu. Jeti kubwa iko katikati, juu ya kikombe. Inayosumbua zaidi ni ile ndogo: hesabu mizunguko ya skrubu ya sailensa (ya resi ya chini, siyo ya ekzosi) ukiitoa, chini yake kuna kichwa cha plastiki cha hiyo jeti, kivute taratibu. Itazame kwenye mwanga. Usipoona nukta ya mwanga, pitisha uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Sindano usitumie, inapanua tundu. Wakati wa kurudisha, kagua gasketi za kabureta, maana zikivuta hewa dalili ni hizihizi.

Na kama fundi aligusa nati ya mkono wa gavana: injini ikiwa imezimwa, ilegeze, sukuma mkono mpaka kabureta ifunguke yote. Ushikilie hapo, zungusha kishina cha gavana, kile mkono ulichofungwa juu yake, upande uleule mkono ulikoelekea mpaka kigome, kisha kaza nati.

MamaShamba:
Kaka, nimerudi. Springi nimeagiza Karatu, imekuja na basi. Choki nusu, ikatulia kabisa! Nilipotoa ile jeti ndogo sikuona mwanga hata kidogo, ndani kulikuwa na utando wa kijani. Nilikaa nayo karibu saa nzima mlangoni, uzi ukapita. Nati ya gavana nayo ilikuwa imelegea, nimeifuata kama ulivyoeleza.

Leo asubuhi imewaka mvuto wa pili. Mlio mmoja, haupandi haushuki, na maji yamefika matuta ya juu kabisa ambayo yalikuwa yameshapasuka. Nimesimama pale nikaisikiliza tu. Mungu akubariki. Masika ijayo niihifadhi vipi?

FundiInjiniNdogo:
Amina dada, nimefurahi. Mwaga petroli yote ya tankini, iwashe mpaka ijizime yenyewe, halafu fungua bolti ya chini ya kikombe itoe tone la mwisho. Oili mpya pia, kama lita 0.6.

MamaShamba:
Nimeandika ukutani stoo kwa chaki.