Wauza majiko ya kishua Kariakoo, mnatuuzia sura halafu ndani kimeo

Wakuu habari za jioni. Nisiwazungushe, nimeudhika.

Sisi tunaokarabati nyumba kwa mafungu, mwezi huu vigae, mwezi ujao makabati, wauzaji wanatujua tukiwa bado mlangoni. Hela ndogo, macho makubwa. Na bidhaa yetu ipo tayari: jiko la sentimita 90, plate tano, vitasa vizito, mlango wa oveni wa kioo cheusi. "Dada yangu, hii stainless tupu, ni zile zile za magorofa ya Masaki, sema hii haina jina tu." Milioni moja na laki nane. Nikauliza kama linatumia gesi ya mtungi, nikajibiwa "linatumia gesi yoyote". Nikalipa.

Fundi kalifunga vizuri, mtungi wa kilo 15, regulator mpya, mpira mpya. Kuwasha, moto wa njano! Mrefu, unalamba ubavu wa sufuria. Wali haujakauka maji, kitako cha sufuria kimeshakuwa cheusi tii, ukipitisha kidole unatoka na masizi. Fundi akabadilisha regulator, wapi. Mwisho akalivuta jiko, akamulika kibati cha nyuma kwa tochi ya simu: G20, 20 mbar.

Kwa wasiojua, G20 ni gesi asilia, ile ya bomba, na mbar ni kipimo cha presha. Gesi ya mtungi utaiona imeandikwa G30 au G31, na presha yake ni kama 30 mbar. Jiko la gesi asilia lina nozo (vile vipande vyenye kitundu cha kutolea gesi kwenye plate) zenye tundu kubwa, kwa sababu gesi yenyewe ni nyepesi na inakuja kwa presha ndogo. Ukiliunga kwenye mtungi, gesi inamwagika kuliko hewa inayoingia, haiungui yote, ndiyo hiyo njano na masizi. Mtungi unaisha upesi, lakini hilo dogo. Kubwa ni kwamba moto wa namna hiyo unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu, na majiko yetu mengi ya mjini dirisha ni moja. Jiko hili lingewafaa wenzetu wa Mikocheni au Mtwara waliounganishiwa bomba. Mimi naishi kwa mtungi, na nilisema hivyo dukani!

Kinachoniuma zaidi, majiko mengi ya aina hii hutoka kiwandani na kifuko cha nozo za gesi ya mtungi, vipande vidogo vya shaba, kinagundishwa ndani ya oveni au kwenye kitabu cha maelekezo. Changu hakikuwemo. Nimemuuliza muuzaji, ananiuliza mimi nozo ni nini. Mtu anauza majiko kutwa nzima.

Tuje kwenye hiyo "stainless tupu". Pembeni ya plate kubwa, pale moto unapopiga, uso umeanza kufura vipovu. Nimeukwangua kwa ukucha, ukabanduka utando mwembamba wa plastiki wa rangi ya fedha, chini yake bati la kijivu la kawaida. Na wale mnaosema "nenda na sumaku, stainless halisi hainasi", samahani, haitoshi. Stainless ya daraja la 430, ambayo ni halali kabisa kwa vyombo vya jikoni, inanasa sumaku. Ya 201 hainasi, na hiyo ndiyo inayowahi kushika kutu ukilinganisha na 304. Angalia kingo na matundu ya skrubu kwa ndani, utando huwa unaishia hapo.

Niliporudi dukani nikaonyeshwa maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Halafu huyo huyo, bila haya, akaanza kuninadia friji la milango miwili kutoka Marekani. Kibati kinasema 115V, 60Hz. "Utaweka transfoma tu dada." Transfoma inabadilisha volti, haigusi hezi (hiyo Hz, idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde). Umeme wetu ni 230V na 50Hz, kwa hiyo kompresa ya kawaida iliyoundwa kwa 60 itazunguka pole pole kuliko ilivyokusudiwa, ichemke, ife, na wewe ubaki na kabati la kuwekea sahani. Hayo hakuyasema. Alichosema ni kwamba linatoa barafu mlangoni.

Sasa risiti yangu ni ya EFD, mashine ya kodi, na imeandikwa "jiko stainless steel 90cm". Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Nilichopewa ni bati lililovishwa plastiki, kwa hiyo wasinitishe na maandishi yao ya chini. Jumatatu niko FCC, Tume ya Ushindani, na risiti, picha ya kibati na kile kipande cha utando, nimekihifadhi kwenye bahasha.

Ninachoomba kwenu: aliyewahi kupata seti ya nozo za gesi ya mtungi kwa plate tano hapa Dar anielekeze duka. Na fundi anayezibadilisha kwa kusoma namba zilizochongwa juu yake, si yule wa kuziba tundu kwa nyundo, maana wapo. Kwa sasa napikia jiko la plate mbili la mezani, nimeliweka juu ya hilo la milioni na laki nane.