Wauza majiko ya gesi ya mtumba Tabora mtatuulia familia, jiko la gesi ya bomba mnaliuza kama la mtungi!

Wakuu habari za jioni, mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa bei za gesi, hili ni jambo lingine kabisa na nina hasira nalo kwelikweli.

Hapa Tabora mjini siku hizi yamejaa majiko ya mtumba, yale makubwa ya plet nne na oveni chini, yanashushwa kutoka Dar na mengi asili yake Uingereza. Yanang'aa na bei ni nafuu kuliko jipya. Wife akalipenda moja, nikamuuliza muuzaji hili linatumia mtungi wa kawaida? Akanijibu bila kupepesa macho, "bosi gesi ni gesi, fundi wetu anakufungia mpaka nyumbani". Nikalipa hela ya jiko na ya fundi juu.

Gesi ni gesi kivipi?? Uingereza majumbani watu wengi wanapikia gesi asilia ya bomba, ile methani. Mtungi wetu una propani na butani, na kwa ujazo uleule hiyo ina joto kama mara mbili na nusu hadi tatu ya ile ya bomba, halafu inaingia kwenye jiko kwa presha kubwa zaidi. Ndo maana ile nozo iliyo chini ya bana (pale moto unapowakia), kale katundu kanakotoa gesi, kwenye jiko la mtungi lazima kawe kadogo. Ukiweka mtungi kwenye nozo ya bomba gesi inakuja nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Na hapa Tabora bomba liko wapi jamani? Gesi ya Songo Songo na Mtwara ina bomba la kwenda Dar, huku kwetu ni mitungi tu, sasa muuzaji anamuuzia nani jiko la bomba na hasemi?

Huyo fundi alikuja na regyuleta, mpira na klipu, akafunga, akawasha, "tayari mzee". Moto wa njano, unaramba sufuria mpaka kwenye mikono yake, maji ya chai hayajachemka sufuria imeshakuwa nyeusi tii kwa masizi. Wife akaanza kulalamika kichwa kinamgonga kila akipika. Nikampigia fundi akasema mtungi ni mchafu, badilisha kampuni. Nimebadilisha, moto uleule. Aliporudi ndo akajifanya sasa anafanya konvesheni, yaani kuligeuza jiko la bomba liwe la mtungi, akafungua bana, akatoa nozo ya shaba, AKAZIBA TUNDU KWA LEHEMU HALAFU AKATOBOA NA SINDANO YA CHEREHANI. Mbele yangu! Lehemu inayoyeyuka kwa joto ndo anaiweka kwenye jiko, na tundu analikisia kwa macho. Nikamwambia kusanya vifaa vyako uondoke.

Nozo yenyewe imechongwa namba ubavuni, ya bana kubwa imeandikwa 115, yaani milimita 1.15. Kwa mtungi bana ya ukubwa ule huwa ni kama 85 hivi. Na nyuma ya jiko kuna stika imeandikwa G20 20 mbar (mbar ni kipimo cha presha), hiyo ni gesi asilia, la mtungi ungeona G30 au G31. Muuzaji anayepitisha majiko hayo mikononi kila wiki asiijue stika? Anajua vizuri sana.

Kubadilisha jiko inawezekana na ni kazi halali, sipingi. Unapata seti ya nozo za jiko lile lile, unabadilisha zote mpaka ya oveni, unarekebisha skrubu ya moto mdogo, regyuleta iwe ya presha inayotakiwa, unapaka povu la sabuni kwenye maungio uone kama inavuja, unabandika stika mpya. Moto uwe wa bluu umetulia. Moto wa njano wenye masizi unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na sisi jioni tunafunga madirisha kwa ajili ya mbu, watoto wako humo humo ndani!

Serikali inasema ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe na nishati safi ya kupikia, mama zetu wanashawishiwa waache mkaa, halafu wakutane na hawa? Nimerudi dukani naambiwa mali ikishatoka hairudishwi. Hela yangu naitaka, na kesho naenda kushtaki, stika nimeipiga picha na ile nozo ya lehemu ninayo.

Mliouziwa majiko ya hivi Isevya, Cheyo, Kanyenye na kwingine nendeni mkaangalie hizo stika leo leo, kama ni G20 msiwashe. Na kama kuna mtu anajua duka linalouza seti za nozo za mtungi, hata kama ni Mwanza au Dar, aseme hapa bei na kama wanatuma kwa basi.