Nyuma ya dinari ya Tiberio kuna mama kakaa kwenye kiti, ni nani?

msoma_ramani
Wakuu habari za jioni, juzi tulikuwa tunasoma ile habari ya kumlipa Kaisari kodi, nikaingia mtandaoni kuitafuta hiyo dinari yenyewe, ile sarafu ya fedha ya Warumi, nikakuta picha ya ile ya Tiberio, Kaisari wa Roma enzi za Yesu, mbele kichwa chake na taji la majani, ila nyuma kuna mama kakaa kashika fimbo na tawi. Ni mungu wao au mkewe? Na maandishi yanasemaje

Babu Kaptula
Mkuu, mbele wameandika kwa kifupi Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Nyuma ni PONTIF MAXIM, kuhani mkuu. Huyo mama wengi wanasema ni Pax, mungu wa kike wa amani, wengine wanamuona Livia mama mzazi wa Tiberio. Sasa we fikiria Myahudi aliyekatazwa sanamu anatembea na kitu hicho kibindoni 😅

chuma_cha_pua
Naongezea, Tiberio siyo wa kwanza kuweka mambo ya dini kwenye hela. Julius Caesar kwenye vita yake na Pompey, 49 KK hivi, alitoa dinari ya tembo anakanyaga kitu kama nyoka, na cha ajabu haina sura ya mtu kabisa, nyuma ni vifaa vya kuhani tu: kata ya kumiminia divai, kinyunyizio, shoka la kafara na kofia ya kikuhani. Jamaa alikuwa kuhani mkuu tangu 63 KK, so hata askari asiyejua kusoma akishika mshahara wake anaona shoka anaelewa miungu iko upande gani. Alivyouawa 44 KK ikaonekana nyota yenye mkia watu wakasema ndo roho yake inapanda, baadaye Augusto akaipiga kwenye dinari ina miale minane na DIVVS IVLIVS, yaani Julius aliyefanywa mungu

Mama Chapati
Ila tusikomae sana na Tiberio, Injili imesema Kaisari tu, na dinari za Augusto bado zilikuwa zinazunguka. Halafu hata kodi ya hekalu Yerusalemu ililipwa kwa fedha ya mji wa Tiro, ina kichwa cha Melqart mungu wa Tiro na nyuma tai. Waliitaka hiyo maana fedha yake ilikuwa safi

msoma_ramani
Weee! Kwa hiyo wale wabadili fedha waliopinduliwa meza ndo walikuwa wanatoa hizo za Melqart??

Mama Chapati
Ndo hizo. Unaleta hela yako, wanakupa ya Tiro, na chao wanakata