Nimemjua Sherlock Holmes kupitia televisheni: kanoni ni nini, na nianze kusoma wapi?

msomaji_mpya

Habari zenu wanajukwaa. Nilimfahamu Sherlock Holmes kupitia tamthilia iliyoanza kurushwa na BBC mwaka 2010, nikampenda kiasi cha kujiunga na kundi la mtandaoni la mashabiki wake kabla sijafungua hata ukurasa mmoja wa Arthur Conan Doyle, mwandishi aliyembuni mpelelezi huyo. Wiki iliyopita niliandika humo kwamba Irene Adler ndiye mwanamke ambaye Holmes alimpenda maisha yake yote. Nilijibiwa kwa ukali kwamba jambo hilo halimo katika kanoni, na mmoja akaniambia nirudi nikishasoma.

Nimebaki na maswali mawili. Kanoni hiyo ni nini hasa, na kwa nini watu wanaitetea kana kwamba ni hati ya shamba la urithi? Pili, nikitaka kusoma, nifuate mpangilio wa kuchapishwa au mpangilio wa matukio katika maisha ya Holmes mwenyewe? Kila upande una watetezi wake, nami nimeshindwa kuamua.

mzee_wa_maktaba

Karibu, ndugu. Kanoni ni zile hadithi 60 ambazo Doyle mwenyewe alizichapisha kati ya mwaka 1887 na 1927, yaani riwaya 4 na hadithi fupi 56. Kila kilichoongezwa na wengine, kiwe mchezo wa jukwaani, filamu au hadithi ya shabiki, kiko nje yake hata kikiwa kizuri namna gani.

Ukali uliokutana nao una asili ya kuchekesha. Mwaka 1911 Ronald Knox, ambaye baadaye alikuwa padri, aliwasilisha makala iliyozichambua hadithi za Holmes kwa mbinu zilezile ambazo wanazuoni wa siku zake walizitumia kuyachambua maandiko matakatifu, akikusudia kuwatania wanazuoni hao. Wasomaji waliupenda utani huo, na kutokana nao ukakua ule unaoitwa Mchezo: mnakubaliana kwamba Holmes na rafiki yake Watson, ambaye ndiye msimulizi wa karibu hadithi zote, waliishi kweli, kwamba Doyle alikuwa wakala tu wa kupeleka miswada kwa wachapishaji, na kwamba kila mgongano ndani ya maandishi lazima upatiwe maelezo. Chama cha Baker Street Irregulars, kilichoanzishwa New York mwaka 1934 na Christopher Morley, kimeucheza hadi leo. Kwa hiyo wanaokukemea ni warithi wa mzaha, ingawa baadhi yao wamesahau kwamba ni mzaha.

Na migongano imejaa tele, kwa sababu Doyle aliandika haraka na hakujali sana kurudi nyuma kukagua. Katika riwaya ya kwanza Watson ana jeraha la risasi begani. Katika ya pili jeraha liko mguuni. Jina lake ni John H. Watson, lakini katika hadithi moja mkewe anamwita James. Dorothy L. Sayers, ambaye naye alikuwa mwandishi wa riwaya za upelelezi, alipendekeza katika miaka ya 1940 kwamba ile H ni kifupi cha Hamish, ambalo ni sura ya Kiskoti ya jina James, hivyo mke hakukosea bali alimwita mumewe kwa jina la kati. Sasa kumbuka ile tamthilia yako: Watson anataja humo kwamba jina lake la kati ni Hamish. Doyle hakuandika jambo hilo popote. Ni dhana ya msomaji iliyosubiri miongo kadhaa, kisha ikaingia kinywani mwa mhusika. Hata jeraha limeshughulikiwa kwa ujanja: Watson wa televisheni alipigwa risasi begani, lakini anachechemea kwa sababu ya msongo wa akili.

dada_wa_riwaya

Mzee ameeleza vizuri, lakini amewahurumia mno hao wakemeaji. Mleta mada, nenda ukatazame picha walizojiwekea kwenye akaunti zao. Nina hakika wengi wamevaa ile kofia yenye vifuniko vya masikio. Kofia hiyo, kama tunavyoijua, ni kazi ya mchoraji Sidney Paget mwaka 1891. Doyle alitaja tu kofia ya safari yenye vifuniko vya masikio, wala hakumvisha Holmes kila aendako mjini. Kiko chenye shina lililopinda kinahusishwa na mwigizaji William Gillette, aliyempandisha Holmes jukwaani mwaka 1899. Nayo ile kauli maarufu, kwamba jambo fulani ni la msingi tu, mpendwa wangu Watson, haimo katika hadithi hata moja kati ya zile 60 kwa mpangilio huo wa maneno. Ukiondoa mchango wa wachoraji na waigizaji, sura ya Holmes iliyomo vichwani mwa watu haitabaki nzima.

Doyle mwenyewe hakuwa mlinzi mkali. Gillette alipomuuliza kwa telegramu kama anaweza kumwoza Holmes, alijibiwa kwamba amwoze, amuue, au amfanye apendavyo. Hata hivyo, kuhusu Irene Adler nakubaliana na waliokusahihisha, isipokuwa kwa lugha yao. Anatokea katika hadithi moja tu, ya mwaka 1891, na mwanzoni mwake Watson anasema waziwazi kwamba hisia za Holmes kwake hazikuwa mapenzi. Holmes alimheshimu kwa sababu mwanamke huyo alimshinda akili. Mimi naona heshima hiyo inavutia kuliko mapenzi ambayo waandaaji wa filamu hawachoki kuyabuni, lakini hayo ni maoni yangu.

kurasa_za_usiku

Nijibu swali la pili, maana limesahaulika. Fuata mpangilio wa kuchapishwa. Mpangilio wa matukio hauna orodha moja inayokubalika, kwa kuwa tarehe za Watson zinapingana, na wapenzi wametunga orodha kadhaa zisizoafikiana. Isitoshe, utajinyima lile pengo walilolipitia wasomaji wa kwanza. Desemba 1893 Doyle, aliyekwisha kumchoka mpelelezi wake, alimtupa katika maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi. Mwaka 1901 alianza kuchapisha riwaya ya mbwa wa Baskerville, lakini akaiweka kabla ya kifo hicho, na Holmes hakurudi akiwa hai hadi mwaka 1903. Ukipanga kwa matukio, riwaya hiyo itatangulia kifo, nawe hutajua ilikuwa na maana gani kuipokea baada ya miaka 8 ya ukimya.

Shauri langu ni kwamba usianze na riwaya ya kwanza, ambayo katikati yake inahamia Marekani kwa sura nzima kadhaa bila Holmes na huwachosha wageni. Anza na mkusanyiko wa kwanza wa hadithi fupi 12, kisha urudi.

Tena, ikiwa kundi hilo litaendelea kukunyanyasa, tafuta lingine linalosoma pamoja kidogokidogo. Wapenzi wa Dracula wameonyesha njia: riwaya hiyo ya mwaka 1897 imeundwa kwa barua na shajara zenye tarehe, na tangu mwaka 2021 kuna huduma ya barua pepe inayowatumia watu kila kipande siku ya tarehe yake, kuanzia Mei 3. Mgeni na mkongwe hufika ukurasa uleule siku ileile, hivyo hakuna wa kumwambia mwenzake arudi akishasoma. Wengi walishangaa kuona Dracula, ambaye ni mnyonya damu, akitembea mchana, kwa sababu kuuawa na jua kulitoka katika filamu ya mwaka 1922.

msomaji_mpya

Nawashukuru nyote. Jana usiku nimesoma ile hadithi ya Irene Adler, na dada yuko sahihi: Holmes anabaki na picha yake tu, naye ameshaondoka na mumewe. Nimerudi kundini nikakiri kosa. Yule aliyenikemea amejibu kwa upole safari hii, nami nimejizuia kumuuliza kuhusu kofia iliyo kwenye picha yake.

dada_wa_riwaya

Muulize ukifika hadithi ya 20.