Mwanga wa alfajiri Paje unanikimbia: kosa la kamera au la saa?

NgalawaNgambo
Assalaam alaykum wakuu. Napiga picha za pwani, Paje mpaka Jambiani, mwanga wa asili tu. Miongozo yote mtandaoni inasema baada ya jua kuchomoza una saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Hapa nusu saa haifiki, rangi zimeshakufa: mbingu nyeupe, mchanga kijivu. Tena nikitaka vijiti vya mwani vionekane, nakuta maji yamejaa. Lenzi ni ya mm 18–55, stendi ninayo. Nikosapo ni wapi?

KupwaKujaa
Waalaykum salaam. Miongozo hiyo imeandikiwa watu wa London huko, ambako jua hupanda kwa mshazari. Sisi tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua linapanda karibu wima, nyuzi moja kwa kila dakika 4. Kutoka upeoni hadi nyuzi 6 juu, ambapo wekundu ndio unaisha, ni dakika 25 hivi. London mwezi wa Juni mwendo huo huo huchukua karibu mara mbili. Ule mwanga wa buluu kabla ya jua nao ni dakika 20 tu, basi. Kwa hiyo nusu saa kabla ya jua stendi iwe imeshasimama na fremu umeshaichagua. Na usikariri saa moja kwa mwaka mzima: Novemba jua linatoka kabla ya saa 12, Julai ni saa 12 na nusu imeshapita.

Sasa maji, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, hapa Unguja maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yakapwa kabisa saa 4 asubuhi. Maana yake mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua linapochomoza maji ndiyo kwanza yanatoka, mwani wote uko chini. Yakishakauka, jua liko juu na vivuli vimeshakuwa vifupi. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo rudi nyuma: siku mbili tatu kabla ya mwandamo au mpevu, yanapwa kama saa 2 asubuhi. Jua likichomoza saa 12, robo tatu ya maji imeshaondoka. Vijiti viko nje, vidimbwi vimebaki katikati ya mchanga na mbingu inaonekana ndani yake. Hizo ndizo siku zako. Ukingoja maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, kupwa kunaangukia alfajiri kweli, lakini maji hayaendi mbali, shamba halikauki. Thibitisha kwa jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, usikisie.

MchangaMweupe
Mchanga kuwa kijivu si mwanga, ni kipimo cha kamera. Kamera inadhani kila ilichoona kina weupe wa wastani, ikikutana na mchanga wa Paje inapunguza. Ongeza fidia ya mwanga ya +1 hivi, halafu tazama histogramu, ile chati ya mwanga kwenye kioo cha kamera, isigonge ukuta wa kulia. Mizani ya rangi nayo itoe kwenye otomatiki, kwa sababu inauona wekundu wa alfajiri kama kasoro na kuusafisha. Weka alama ya jua, au 5200K hadi 5500K. ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 mpaka f/11, faili la RAW, yaani ghafi.

Ila naona mnaudharau mchana, na mimi sikubaliani. Ile rangi ya maji inayowaleta watu Paje, alfajiri haipo: jua likiwa chini, mwanga mwingi unarudishwa na uso wa maji. Rangi inatokea kuanzia saa 4 hivi, mwanga unapopenya hadi mchanga wa chini na kurudi juu. Hapo tia filta ya polaraiza, itakula stopu 1 hadi 2 (kila stopu ni nusu ya mwanga). Inamisha lenzi nyuzi 35 hadi 40 chini ya upeo, zungusha filta polepole, utaona mng'ao unakatika na matumbawe yanajitokeza. Usibaki kwenye 18 mm ukichukua na mbingu, itatoka na baka la giza upande mmoja. Vuta hadi 35 hivi. Na mwanzoni mwa Machi au wiki ya pili ya Oktoba usitegemee vivuli saa sita. Jua liko utosini.

KarafuuWete
Nyongeza ya upande. Juni jua linachomoza nyuzi 23 kaskazini ya mashariki kamili, Desemba nyuzi 23 kusini yake, kwa hiyo mnazi uliokaa vizuri Juni, Desemba umekaa vibaya. Kwetu Pemba, Ras Kigomasha inakupa yote mawili: ufukwe wa Vumawimbi asubuhi, wa Panga ya Watoro jioni. Kwa Unguja, Michamvi Kae iko pwani ya mashariki lakini inatazama magharibi, ghuba ya Chwaka, na mikoko juu yake. Anayesimama Forodhani, Mji Mkongwe, kungoja jua litue nyuma ya kisiwa cha Changuu asijisumbue. Changuu iko kaskazini mno, mwezi wowote ule.

Kusi ikivuma, makuti ya Paje hayatulii. Kasi ya shata ikiwa chini ya 1/250 ya sekunde yanatoka ukungu. Masika mvua ikishakatika hewa imeoshwa, ndio wakati wangu kuliko kaskazi.

NgalawaNgambo
Shukran sana. Na mbingu ikiwa kali kuliko mchanga? Nipige picha tatu za mwanga tofauti nizichanganye, au nitafute filta ya nusu giza?

MchangaMweupe
Kukiwa na ngalawa au watu, filta. Ukichanganya tatu za -2, 0 na +2, chombo kimeshasogea, kinatoka na pacha wake. Minazi ikikata upeo ni kinyume chake, filta itaitia weusi nusu ya juu, kwa hiyo changanya.

KupwaKujaa
Na miguu ya stendi ididimize mchangani *kabla* ya kupanga fremu, la sivyo kila wimbi likipita inazama kidogo na zile tatu hazilingani. Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi iache nje ndani ya mkoba uliofungwa, dakika 20 hadi 30, lenzi isishike umande. Muda huo uujumlishe kwenye ile nusu saa.