Moto wa Lahaina, Hawaii: kaka yangu anaamini ulikuwa leza, nimjibu nini?

msafiri_wa_usiku:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada. Kaka yangu, mtu mzima na kichwa chake kizuri tu, kila siku ananitumia WhatsApp video za ule moto wa kisiwa cha Maui wa Agosti 2023, ule ulioteketeza mji wa Lahaina. Anasema haukuwa moto wa kawaida, ilikuwa silaha ya leza toka angani kwa sababu matajiri wanaitaka ile ardhi. Ushahidi wake: rimu za magari zimeyeyuka zikatiririka barabarani wakati miti pembeni imesimama, kuna nyumba ya paa jekundu imebaki peke yake katikati ya majivu, na kuna picha ya mwale mweupe unashuka toka mbinguni. Nikimbishia ananiambia nimelala. Na kusema ukweli ile ya rimu hata mimi ilinishtua. Nimjibu nini bila kugombana naye?

fundi_kalibu:
Rimu niachie mimi, hiyo ndo kazi yangu kila siku. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, sisi tunaiyeyusha kwa mkaa na feni tu, unaiona inang'ang'ania umbo lake muda mrefu halafu ghafla inalegea kingo na kukaa chini, inang'aa kama kioo. Nyumba ikishika moto vizuri inafika nyuzi 1000, na gari lenyewe ni tairi, sponji za viti, plastiki na mafuta, hivyo rimu haina pa kuponea. Mwambie kaka aangalie tena hizo video ila safari hii aangalie bodi ya gari: ipo, imepinda na imebadilika rangi lakini haijayeyuka, maana chuma kinataka karibu nyuzi 1500. Hicho ndicho moto wa kawaida unachofanya.

Mama_Tunu:
Naongezea kwenye miti na nyumba. Mti mbichi umejaa maji ndani, moto ukipita haraka unababua majani na gome lakini shina linabaki. Ule mti mkubwa wa jamii ya mikuyu (banyan) pale Lahaina, uliopandwa 1873, uliungua vibaya na baadaye ukachipua tena. Nyumba kavu za mbao ni kitu kingine kabisa, na kinachozimaliza mara nyingi ni cheche zinazorushwa na upepo mbele ya moto, zinatua kwenye paa, zinaingia kwenye matundu ya hewa, nyumba inaanza kuwaka kwa ndani. Hiyo ya paa jekundu wenyewe walikuwa wameikarabati, wakaweka paa la bati zito, wakang'oa mimea iliyoshikana na kuta na kuzungushia mawe. Hawakuwa hata wanafikiria moto, ilikuwa ni ukarabati tu.

Na ile picha ya mwale ni roketi ya Falcon 9 ikiruka California Mei 2018, miaka mitano kabla ya Lahaina! Kamera iliachwa wazi muda mrefu ndo maana njia yake inaonekana kama mstari. Anza na hiyo maana ina tarehe.

kijana_mdadisi:
Sawa lakini serikali zimeshadanganya watu mara ngapi? Mimi siamini leza ila siamini maelezo yao pia.

Mama_Tunu:
Mwanangu kutoamini si kosa, ila basi uulize maswali yenye mtu wa kuyajibu. Mimi hili jambo linaniuma kwa sababu watu 102 walikufa pale na chanzo kinajulikana. Nyaya za umeme za Hawaiian Electric zilianguka kwenye upepo mkali asubuhi ya tarehe 8, zikawasha majani makavu, wazimamoto wakadhani wameuzima, mchana ukafufuka, hayo yako kwenye ripoti iliyotoka Oktoba 2024. Hayo majani yalikuwa yametanda kwenye mashamba ya miwa yaliyotelekezwa, kiwanda cha sukari cha Lahaina kilifungwa 1999 na hakuna aliyeyasimamia ipasavyo. Ving'ora vya tahadhari havikulia hata kimoja. Mkuu wa dharura wa Maui alijitetea kwamba watu wangedhani ni tsunami wakakimbilia mlimani kwenye moto, kesho yake akajiuzulu. Hata hilo la ardhi lina ukweli ndani yake, waathirika walipigiwa simu za kununua viwanja vyao majivu yakiwa bado ya moto, mpaka gavana Josh Green akapiga marufuku ofa za namna hiyo. Sasa ukisema ni leza, aliyeacha nyaya mbovu na aliyenyamazisha king'ora wote wanapona, maana hakuna anayeweza kuishtaki leza.

msafiri_wa_usiku:
Asanteni sana, shikamoo Mama Tunu. Sikumtumia kaka yote, nimemtumia picha ya roketi na tarehe yake, pamoja na swali la fundi kwamba mbona bodi ya gari haikuyeyuka. Amesoma, tiki ni za buluu. Amekaa kama nusu saa halafu ameniuliza kitu kimoja tu, kwani hivyo ving'ora nani alikuwa na funguo zake. Nampigia sasa hivi.