Mrejesho: nimetembea mashamba ya zabibu Hombolo

Wakuu, niliuliza wapi karibu na Dodoma mjini mtu anaweza kutembea kwa miguu kati ya mashamba ya zabibu na pori. Nimeenda Hombolo, asanteni. Hakuna njia zenye alama. Unafuata vijia vya ng'ombe, na kila shamba unapiga hodi kwanza. Mzee mmoja alinikatia kichala cha Makutupora nyekundu: zabibu ndogo zimebanana, rangi karibu nyeusi, tamu hadi vidole vinanata. Anavuna mara mbili kwa mwaka. Aliyeniambia kandambili zinatosha, Mungu anakuona! Miiba ya migunga ilitoboa hadi unyayo. Jioni nikaishia bwawani na perege wa kukaanga. Mvinyo nao nilionja, mtamu mno kwangu.